Mgeuza Kurasa wa Kanda Namba Moja

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimeanza. Saa tatu kamili Mkutubi Mkuu ametuita ofisini kwake, mimi na Mama Kanuni, akatuambia kwamba chumba kipya cha video cha maktaba ya muziki kitafunguliwa Ijumaa ya wiki ijayo, na kitahitaji msimamizi. Msimamizi atapewa meza yake, funguo zake na dirisha. Dirisha! Nimefanya kazi miaka kumi na moja katika chumba cha chini ya ngazi, ambako mwanga wa jua huingia tu pale mtu aliyepotea njia ya msalani anapofungua mlango wetu kwa bahati mbaya.

Nani atachaguliwa? Mkutubi Mkuu anasema yeye hana upendeleo. Kuna kanda za video mia tano na ushei, maonyesho ya miaka mingi ya wanafunzi na walimu wa Shule ya Muziki ya chuo kikuu chetu, zimelundikana kwenye makasha tangu watu walipoacha kutumia kanda. Mwenye kazi itakayoonekana zaidi kwenye katalogi ya kompyuta kufikia siku ya ufunguzi, huyo ndiye.

Hali ilivyo leo: Mama Kanuni, kanda thelathini na nane. Mimi, ishirini na mbili. Yeye huitazama kila kanda kutoka mwanzo hadi mwisho, hedifoni masikioni na daftari magotini, kwa sababu kitabu cha kanuni za katalogi kinasema mtu asiandike asichokiona. Kitabu hicho hukibeba kwenye mkoba pamoja na chakula chake cha mchana, ndiyo maana akapewa jina hilo. Juzi nilimkuta analia mbele ya skrini. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ni wimbo wa mwisho, kaka, niache kwanza.

Jioni mama mkwe, ambaye tunaishi naye tangu mwaka jana, akaniuliza kama anavyoniuliza kila jioni: je, kazini wamenikumbuka? Nikafungua mdomo kusema bado. Nikajisikia nikisema tayari. Mimi ni msimamizi, mama. Nina dirisha. Mke wangu akabaki na kijiko hewani. Mama mkwe akanipima kutoka kichwani hadi viatuni, kisha akasema atakuja mwenyewe kuliona hilo dirisha siku ya ufunguzi.

Kwa hiyo sasa ni lazima nilipate. Nimepiga moyo konde.

Jumanne, 5 Machi

Mashine ya kuchezea kanda iliyo nzima ni moja tu. Ratiba inasema Mama Kanuni anaitumia asubuhi hadi saa sita, mimi kuanzia saa sita. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa safi kabisa: kusogeza saa ya ukutani mbele kwa dakika ishirini na tano. Nikawahi kazini, nikapanda kiti, nikasogeza mshale.

Ilipofika saa sita ya ukutani nikakohoa. Mama Kanuni akatazama ukutani. Akatazama saa yake ya mkononi. Akatazama kiti, ambacho kilikuwa na alama za viatu vyangu. Akaendelea na kanda yake hadi saa sita ya kweli, kisha akajiongezea dakika ishirini na tano.

Nilipoipata mashine hatimaye, ikameza kanda ya kwaya ya mwaka wa kwanza na kuanza kuitafuna. Sauti zile! Fundi wa mitambo akaja, akauchomoa utepe wake kidogo kidogo, akauliza kichwa cha mashine kimesafishwa lini kwa pamba na spiriti. Mama Kanuni akajibu, bila kugeuka, kwamba yeye hukisafisha kila asubuhi kabla ya kanda ya kwanza, ila chupa ya spiriti inakwisha haraka siku hizi. Kumbe ile spiriti ni ya mashine. Mimi nimekuwa nikinawia mikono tangu Disemba.

Kanda zangu leo: hakuna. Zake: mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeamua kushinda kwa ubora. Nimechagua kanda namba moja, ya zamani kuliko zote. Ni onyesho la piano, na mpiga piano si mwingine bali Amidi, mkuu wa Shule ya Muziki, enzi hizo akiwa mwanafunzi. Siku ya ufunguzi Amidi ndiye mgeni rasmi. Atafungua katalogi, atatafuta jina lake kwanza (nani hafanyi hivyo?), na atakutana na kazi yangu.

Ndani ya kasha nimekuta karatasi ya ratiba ya onyesho lile, imeanza kuwa ya manjano. Nikaingiza kila kitu. Mpiga piano. Vipande vitatu alivyopiga. Ukumbi. Aliyeshika kamera. Na chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la mgeuza kurasa, yaani msichana aliyekaa kando ya piano kumfunulia mpigaji karatasi za noti ili mikono yake isikatize. Hakuna mkatalogi duniani anayemwandika mgeuza kurasa. Mimi nimemwandika, chini ya washiriki. Mama Kanuni ajifunze.

Kutazama, nimetazama dakika nne. Picha safi, sauti safi, Amidi ana nywele nyingi ajabu. Inatosha. Nikaandika: “Onyesho kamili, halina kasoro.”

Kazi hiyo imenimaliza mchana mzima. Kanda moja! Nikainamisha kichwa juu ya meza, kwa kukata tamaa kidogo, na hapo jicho likaangukia kitufe ambacho sijawahi kukibonyeza. Kimeandikwa NAKILI.

Nikabonyeza. Rekodi yote ikajirudia, neno kwa neno. Nikabadilisha kichwa cha onyesho, nikabadilisha mpigaji, vipande, ukumbi, tarehe na namba kwa kusoma lebo ya kasha la pili, nikahifadhi. Dakika nne. Bila mashine, bila hedifoni, bila machozi. Nikatulia nikasikia moyo unadunda. Rekodi ile ya kwanza nimeipa jina: Mama wa Zote.

Ijumaa, 8 Machi

Kanda sabini na nne! Kwa siku moja! Vidole vimekufa ganzi lakini moyo unacheza.

Mama Kanuni amenyanyua kichwa mara moja tu, akauliza mbona sijaitumia mashine tangu saa sita na ni zamu yangu. Nikamwambia kwa upole kwamba nimemwachia. Akanishukuru sana, akachukua kanda nyingine. Maskini, hajui kwamba anazidi kuzama.

Nyumbani nimewasimulia jinsi kazi ya usimamizi ilivyo nzito. Mama mkwe hakuvutiwa. Akasema yeye ameimba kwaya miaka arobaini, sauti ya pili, hajakosa zoezi hata siku aliyomzaa mke wangu, na hakuna kanda hata moja yenye japo kikohozi chake. Wanaorekodiwa ni wale wanaosimama mbele. Nikamwambia dunia haina haki. Akaniambia nisiseme na chakula mdomoni.

Jumatatu, 11 Machi

Mia mbili na kumi na nne kwa jumla, maana sasa rekodi moja ni dakika mbili tu! Sikujumlisha zile ishirini na mbili za zamani, ambazo hata hivyo nazionea aibu sasa kwa jinsi zilivyonichelewesha. Mama Kanuni ana arobaini na tisa.

Mkutubi Mkuu ameshuka mwenyewe chumbani kwetu, akagonga kichwa kwenye ngazi kama kawaida yake, akanipiga bega. Akasema hajawahi kuona bidii ya namna hii. Nikasema ni mapenzi tu ya muziki, bwana mkubwa. Mama Kanuni akauliza kama zote hizo nimezitazama. Nikajibu kwamba kila mtu ana mbinu zake. Akasema, “Haya, kaka,” akavaa hedifoni.

Ile “haya” sijaipenda. Lakini siwezi kukosa usingizi kwa ajili ya neno moja.

Jumanne, 12 Machi

Balaa.

Asubuhi fundi wa kompyuta, kwa agizo la Mkutubi Mkuu, ameifunga katalogi isiguswe na mtu hadi baada ya ufunguzi, kisha akaiamuru itoe orodha ya wanamuziki waliorekodiwa mara nyingi zaidi katika historia ya chuo. Kompyuta ikatoa karatasi yenye majina na hesabu. Wa pili ana maonyesho kumi na saba. Wa kwanza ni mwanamke mmoja. Ana mia mbili na kumi na nne.

Mkutubi Mkuu akashuka mbio akiwa na karatasi hiyo, safari hii hata kichwa hakukumbuka kukigonga. Ana miaka mitatu tu hapa chuoni, hawajui watu wa zamani. Akatusomea jina. Akasema ona jinsi tunavyowasahau watu wetu: maonyesho mia mbili na kumi na nne, na hakuna hata korido iliyopewa jina lake! Nikatikisa kichwa kwa uchungu pamoja naye. Kisha akasema ni kazi yangu mimi iliyofanya leo tumpate. Nikavimba kidogo.

Akaondoka. Nikarudi kwenye skrini, nikaifungua moja ya rekodi zangu ili niisome tu, maana kubadilisha haiwezekani. Mpigaji sahihi. Tarehe sahihi. Nikashuka chini ya skrini, mahali ambapo kwa siku zote tatu sikuwahi kushuka. Pale chini, peke yake, amekaa mgeuza kurasa.

Nikafungua nyingine. Yupo. Kundi la ngoma: yupo. Onyesho la tarumbeta uwanjani, ambapo hakuna karatasi yoyote ya kugeuza: yupo. Kwaya ya wanaume: yupo! Jasho jembamba likanitoka. Nilikuwa nabadilisha vya juu tu, nahifadhi, nabonyeza, nabadilisha vya juu.

Nikakimbilia kwa Mkutubi Mkuu kumshauri kwamba mtu maarufu kiasi hicho bila shaka anaishi ng'ambo, pengine tusimsumbue. Akasema hapana, amekwisha patikana! Mama Kanuni alimtafuta kwenye daftari la wahitimu wa zamani, akapiga simu mbili, kumbe ni mwalimu mstaafu wa hesabu anayekaa mitaa miwili tu kutoka hapa. Atatunzwa shada la maua siku ya ufunguzi mbele ya Amidi na kanda yake itaoneshwa kwenye skrini kubwa.

Nilipopita mezani kwa Mama Kanuni akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nimeona kwamba huyo mama ameshiriki maonyesho mawili jioni ileile, katika kumbi mbili tofauti. Nikasema wasanii wa zamani walikuwa na nguvu.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kwa Mgeuza Kurasa. Mpango: kumwomba akatae. Ajisingizie homa, mgongo, safari, chochote.

Nyumba ndogo ya kona, ua umefagiliwa, pazia jipya. Nilijitambulisha tu kwamba natoka maktaba ya muziki, na kabla sijamaliza nimekwisha vutwa ndani kwa mkono. “Karibu, mwanangu, karibu, karibu!” Chai. Biskuti kwenye sahani ya wageni. Gauni limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi hadi linang'aa. Dada zake wawili wapo, wamekuja kwa ajili ya Ijumaa. Wanamcheka, anawafukuza kwa kitambaa cha mezani.

Nikaanza kwa kuuliza afya yake. Akasema hajawahi kuwa mzima hivi. Nikauliza kuhusu mgongo. Akainama akagusa vidole vya miguu mbele yangu. Nikajaribu kumweleza kwamba sherehe hizi huwa zinachosha sana na hotuba ni ndefu. Akasema amefundisha hesabu miaka thelathini na tatu, hakuna kinachoweza kumchosha tena.

Kisha akatulia, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akasema jambo hili linamshangaza, maana yeye aligeuza kurasa siku moja tu, na siku hiyo kuna kitu kilitokea ambacho miaka yote hii... Hapo nikaona anataka kunisimulia maisha yake na mimi sina muda. Nikamkatiza. Nikamwambia mama, usijali, siku hiyo nimeiona mwenyewe kwenye kanda, kila kitu kilikwenda vizuri. Akanitazama kwa mshangao mkubwa. Akauliza, “Vizuri?” Nikasema vizuri kabisa, onyesho halina kasoro, nimeliandika hivyo mwenyewe. Macho yakamjaa machozi. Akasema basi labda yeye ndiye aliyekumbuka vibaya.

Nilikwenda kumzuia asije. Nimetoka nimemwahidi viti viwili vya mbele kwa ajili ya dada zake.

Alhamisi, 14 Machi

Sikati tamaa. Nimelichambua tatizo vipande vipande na naona linashikika. Nani atauliza habari za namba katikati ya makofi? Watu watamwona mama mzuri mwenye gauni zuri, wataona dakika chache za kanda, watakula biskuti, watakwenda zao. Jumatatu katalogi itafunguliwa na mimi nitamfuta polepole.

Mkutubi Mkuu ameniuliza kanda ipi inafaa kuoneshwa kati ya zile mia mbili na kumi na nne. Nikampa ile pekee ambayo mama yule anaonekana kweli: namba moja. Akafurahi kusikia kwamba Amidi naye yumo. Akauliza kama ni nzuri. Nikamwonesha maneno yangu mwenyewe kwenye rekodi. Mama Kanuni akapendekeza kwamba mtu aitazame yote kwanza, kanuni ndiyo inavyosema, na kwamba mashine leo mchana ni zamu yangu. Nikamwambia asante sana, nina kazi muhimu zaidi.

Kazi yenyewe: kibao. Mama mkwe anakuja kesho kuliona dirisha langu, na mlango wa chumba kipya hauna jina. Nimeandika MSIMAMIZI kwenye karatasi ngumu kwa rula na wino mweusi, nimekibandika mlangoni kwa gundi ya karatasi. Nitakibandua mama mkwe akishaondoka. Kimenyooka vizuri sana. Nimesimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Ijumaa, 15 Machi

Yamekwisha.

Ukumbi mdogo wa Shule ya Muziki ulijaa. Mstari wa mbele: Amidi, mtu mrefu mwenye upara sasa, Mgeuza Kurasa na gauni lake, dada zake kwenye viti nilivyowaahidi, mke wangu, na mama mkwe, ambaye alikwisha pita chumba cha video, akasoma kibao, akafungua dirisha, akalifunga, akasema lina vumbi. Kutoka kwake hiyo ni sifa.

Mkutubi Mkuu akahutubia. Akataja mia mbili na kumi na nne mara tatu. Makofi. Shada likatolewa, kubwa, na Mgeuza Kurasa akalipokea akitazama huku na huku kana kwamba kuna mtu mwingine nyuma yake. Amidi akampa mkono akisema jina lake analisikia kama la mtu anayemfahamu. Kisha taa zikapunguzwa na kanda namba moja ikaanza.

Dakika nne za kwanza ni nzuri mno. Kijana mwenye nywele, vidole vinakimbia. Kando yake msichana mwembamba amekaa wima, macho kwenye noti. Watu wakanong'ona kwa furaha walipomtambua Amidi. Nikaegemea ukuta nikaanza kuona maisha yangu mbele ya dirisha.

Dakika ya kumi na moja, msichana akasimama, akanyoosha mkono, akageuza. Akageuza kurasa mbili kwa mara moja.

Muziki uliruka. Ukayumba. Ukakoma. Kijana akawa anapekua karatasi, msichana anapekua upande wake, mikono ikagongana, na noti zote zikamwagika chini. Kijana akafunga kifuniko cha piano, pwaa! Akaondoka jukwaani. Msichana akabaki peke yake, amepiga magoti, anaokota karatasi. Aliyeshika kamera, Mungu anamwona, hakuizima. Aliendelea kumrekodi dakika nzima.

Nikawasikia walimu nyuma yangu wakinong'onezana: Amidi amekuwa akiwaambia wanafunzi wake miaka yote kwamba onyesho lake la kwanza lilikatizwa na umeme kukatika. Mtu mmoja akacheka. Kisha ukumbi wote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mgeuza Kurasa akasimama. Hakuna aliyempa kipaza sauti, lakini ana sauti ya darasani. Akasema alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na vidole vilikuwa na jasho. Akasema baada ya siku ile hakurudi kwenye muziki, akaenda kwenye hesabu, ambako mtu akikosea anafuta. Akasema miaka yote ametaka kumwomba radhi mpiga piano na hakuthubutu. Akamgeukia Amidi akamwomba radhi hapohapo, shada mkononi. Kisha akasema, kwa heshima zote, kwamba hiyo mia mbili na kumi na nne haielewi, maana yeye ameketi kando ya piano siku moja tu katika maisha yake.

Mkutubi Mkuu akageuka kunitazama. Mama Kanuni hakugeuka, na hilo liliniuma zaidi.

Amidi akainuka, akapanda jukwaani kwenye piano, akatuma mtu alete noti za kipande kile kutoka rafuni. Akamwita. Akasema, “Njoo, dada. Tukimalizie.” Akaanza pale walipokomea. Mama yule akasimama kando yake, akageuza ukurasa. Mmoja. Kwa utaratibu. Ukumbi wote ulisimama, mama mkwe akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, na mimi pia nililia, kwa sababu zangu.

Ofisini Mkutubi Mkuu hakupaza sauti. Ilikuwa heri angepaza. Mama Kanuni ndiye msimamizi. Mimi nimebakizwa kwa masharti: nitazisahihisha rekodi mia mbili na kumi na tatu, moja baada ya nyingine, nikitazama kila kanda hadi mwisho. Akauliza nani aliyetengeneza kile kibao cha mlangoni. Nikakiri. Akasema kimetengenezwa vizuri, kibaki.

Jumamosi, 16 Machi

Mama mkwe hanisemeshi. Akitaka chumvi anamwambia mke wangu amwambie mumewe asogeze chumvi. Mke wangu anasema heri ningesema bado.

Mara moja tu nimemsikia, akiongea na ukuta wa jikoni. Alisema kuna mtu amegeuza ukurasa mmoja, akaukosea, akapewa shada. Na kuna mtu ameimba miaka arobaini bila kukosea, hajapewa hata jani. Hakuwa analalamika. Alisema tu, akaendelea kuosha vikombe. Sijui kwa nini maneno hayo yamenikaa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepiga hesabu. Kanda moja kwa siku, nikipewa mashine mchana tu, ni karibu mwaka mzima. Juu, kupitia ngazi, nasikia Mama Kanuni akifungua dirisha.

Lakini nimeapa kubadilika. Leo nimesafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, mikono nimenawa kwa sabuni. Nimetazama kwaya ya wanaume kuanzia mwanzo. Dakika ya kumi na sita nimekiri kwamba ni nzuri. Dakika ya ishirini na mbili nimekwenda kumtafuta fundi wa kompyuta.

Nilimuuliza tu, kama mtu anayependa kujifunza, iwapo kuna njia ya kuondoa jina moja kwenye rekodi nyingi kwa mkupuo. Akasema ipo. Kuna amri ya kubadilisha kote: unaandika jina la zamani, unaandika jipya, unabonyeza. Hakuuliza kwa nini. Mtu mwema sana.

Nikaiacha kanda namba moja peke yake, maana huko mama yule yumo kwa haki. Kwa zile nyingine mia mbili na kumi na tatu nikaandika jina lake kama la zamani. Sehemu ya jina jipya nikaiacha tupu. Kompyuta ikakataa. Nikaweka nukta. Ikakataa. Nikaweka kistari. Ikakataa, inadai jina la mtu. Nikakaa nikalifikiria jambo hilo kwa uangalifu, bila papara, kama nilivyoapa. Ni kwa muda mfupi tu, hadi nitakapozipitia zote. Ni chini kabisa ya skrini. Na kama ni lazima awepo mtu, basi awe mtu aliyestahili.

Nikaandika jina la mama mkwe. Nikabonyeza. Ilichukua sekunde tisa.

Jioni nikamwambia. Nilitaka tu anisemeshe. Nikamwambia kwamba kuanzia leo jina lake limo kwenye katalogi ya chuo kikuu, mara mia mbili na kumi na tatu. Akaweka kikombe chini. Akauliza yule mama wa maua sasa ana ngapi. Nikasema moja. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akaniongezea chai kwa mkono wake mwenyewe. Akasema ngoja awapigie simu wenzake wa kwaya, wote ishirini na wawili, wachague sare. Halafu akauliza sherehe yake ni lini.

Nikamwambia Ijumaa.